Kikosi cha safari tisa na kikosi cha safari mbili: nani anafanya kazi zaidi?

Kwako Mama Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni msimamizi wa zamu katika shirika dogo la ambulensi hapa Pwani ya Kenya. Nilikaa nyuma ya gari kama mhudumu wa dharura kwa miaka sita kabla ya kupewa kazi hii ya kupanga ratiba mwaka jana, na tangu nilipoipokea sijapata mwezi hata mmoja ambao watu wote waliridhika nayo.

Tuna magari matano. Mawili yapo mjini, moja liko upande wa kusini ambako wagonjwa wengi huvushwa kwa feri ya Likoni, moja liko kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, na la tano liko bara, nyuma ya Kinango, ambako zahanati ziko mbalimbali na barabara ni za vumbi. Kila gari lina vikosi vitatu, na kila kikosi kina watu wawili, dereva na mhudumu. Tunafanya kazi saa 24, kisha tunapumzika saa 48. Kwa jumla ni vikosi 15, na hakuna mtu wa akiba hata mmoja.

Ugomvi uko hivi. Vikosi vya mjini hutoka mara tisa kwa siku, ilhali kile cha bara hutoka mara mbili tu. Wenzetu wa mjini wanasema wa bara wanalipwa kwa kulala chini ya mwembe. Wa bara wanajibu kwamba rufaa yao moja, kwenda na kurudi, inakula saa tano. Ili kutenda haki, miezi miwili iliyopita niliamua safari zigawanywe kwa zamu: gari ambalo halijatoka kwa muda mrefu ndilo litumwe, popote lilipo. Wiki ya tatu mama mmoja mwenye uchungu alipiga simu kutoka mtaa ulio karibu mno na kituo cha mjini, na kwa utaratibu wangu gari la barabara kuu ndilo lililotumwa. Lilifika baada ya dakika 35. Mama alikuwa amekwisha kujifungulia kwenye baraza ya jirani, juu ya kanga. Mama na mtoto wako salama, lakini mimi sijajisamehe.

La pili ni la maparamediki wetu, yaani wale wenye mafunzo ya juu wanaoweza kuingiza mpira wa kupumulia na kutoa dawa ambazo sisi wa daraja la msingi haturuhusiwi kuzitoa. Tulikuwa nao watatu, mmoja kwa kila siku. Mmoja alipata kazi Qatar na akaondoka. Nafasi yake ilijazwa na mhudumu wa daraja la msingi, na tangu hapo wawili waliobaki wanapokezana siku kwa siku, saa 24 kazini na saa 24 nyumbani. Mmoja wao ni rafiki yangu tuliyesoma pamoja. Usiku mmoja, saa 10 alfajiri, alikuwa akimhudumia kijana aliyekunywa dawa ya kuua wadudu wa shambani, naye alihitaji kumpa atropini. Alichukua kichupa, akakivunja shingo na kuanza kuvuta dawa. Dereva aliyekuwa akimmulikia kwa tochi ya simu alisoma maandishi kwa sauti: adrenalini. Rafiki yangu aliganda sindano ikiwa mkononi. Kijana alipona. Hakuna aliyeripoti, na mimi nimeyajua kwa sababu dereva aliniambia pembeni.

Mkurugenzi wetu anasema hataajiri mtu. Anasema magari ya mjini yamesimama zaidi ya nusu ya siku, kwa hiyo kazi si nyingi, ila mimi ndiye sijui kuigawanya. Nimekuambatishia nakala za daftari la safari za siku saba. Humo hatuandiki ila saa ya kutoka na saa ya kurudi, lakini najua kwamba mjini safari moja huchukua dakika 50 hivi, na karibu dakika 20 kati ya hizo gari huwa limesimama nje ya idara ya dharura likisubiri kurudishiwa machela yake, kwa kuwa mgonjwa hajapata kitanda.

Naomba uniambie nigawanye kazi hii kwa kipimo gani, kama nihamie zamu za saa 12, na nimfanyie nini rafiki yangu. Madereva wawili wameacha kunisalimu.

Mimi mwanao,
Msimamizi wa zamu, Pwani


Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na daftari lako nimelifanyia hesabu kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu mimi pia nilikaa miaka mingi kwenye meza kama hiyo yako na najua mtu anavyoanza kuamini kwamba kosa ni lake.

Nianze na ugomvi wa safari tisa na safari mbili. Gari la mjini likitoka mara tisa kwa dakika 50, limeshughulika saa saba na nusu katika saa 24. Gari la bara likitoka mara mbili kwa saa tano, limeshughulika saa kumi. Hao wanaosemwa kuwa wanalala chini ya mwembe ndio wenye saa nyingi zaidi za kazi kuliko kikosi chochote ulichonacho. Kuhesabu safari ni kuhesabu vichwa vya habari bila kusoma habari yenyewe. Hesabu unayoihitaji ni ya muda ambao gari haliwezi kutumwa kwingine, kuanzia simu inapopokewa hadi gari limeoshwa, mtungi wa oksijeni umebadilishwa, vifaa vimejazwa na mhudumu ametamka redioni kwamba wako tayari. Gawanya muda huo kwa saa za zamu, nawe utapata kipimo kimoja cha kulinganisha vituo vyote vitano. Wapangaji wa huduma za ambulensi kule Marekani wamekuwa wakipima hivyo tangu miaka ya 1980.

Hata hivyo usiende kwa vijana wa mjini ukawapiga kwa hesabu hiyo, kwa sababu nao wana haki yao. Saa saba na nusu zilizokatwakatwa vipande tisa haziachi nafasi ya usingizi. Mtu anavua viatu, anajilaza, na kabla jasho halijakauka simu imelia tena. Ameshuka na mgonjwa mzito kwa ngazi za ghorofa ya nne, na baada ya saa moja atashuka na mwingine. Wa bara kwa upande wake amekaa saa mbili nyuma ya gari linalorukaruka, mkono mmoja umeshika kamba ya dari na mwingine umeshika dripu, macho kwenye uso wa mama anayetokwa na damu, na hospitali bado iko mbali. Machovu haya mawili hayafanani, na daftari lenye safu mbili haliwezi kuyaonyesha. Kuanzia kesho liwe na safu saba: simu ilipoingia, gari lilipotoka, lilipomfikia mgonjwa, lilipoondoka naye, lilipofika hospitali, machela iliporudishwa, na gari lilipokuwa tayari tena. Pembeni kuwe na alama moja ya safari nzito, ambayo mhudumu mwenyewe ataiweka bila kuulizwa maswali: kifo, mtoto, ajali ya watu wengi, vurugu. Mpokea simu ndiye aandike saa, si kikosi, kwa maana kikosi kina mikono ya kufanyia mengine.

Sasa nije kwa mkurugenzi wako, ambaye anaona gari lililosimama na kudhani ni hasara. Jambo hili lilikwisha kufanyiwa hesabu zaidi ya miaka mia moja iliyopita, tena na mtu asiyehusika na wagonjwa. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kuanzia mwaka 1909 hesabu za kujua ni laini ngapi zinatosha ili mpiga simu asikute zote zina watu. Ambulensi mbili za mji ni laini mbili. Kwa kuwa magari yako ya mjini yameshughulika asilimia 31 ya muda, hesabu hiyo inaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaopiga simu, takriban 15 watakuta yote mawili yametoka. Kazi ikiongezeka maradufu, hawatakuwa 30, watakuwa 47. Hapo tumechukulia kwamba simu zinaingia sawasawa mchana na usiku, jambo ambalo si kweli, kwa hiyo mchana hali ni mbaya zaidi. Gari lililosimama likiwa na watu wake macho na mitungi imejaa ndilo huduma yenyewe ambayo wananchi wanailipia. Mwonyeshe mkurugenzi tarakimu hizo mbili, 15 na 47, kabla hujamwomba chochote.

Kisha mwombe machela. Sisemi watu, nasema machela mbili za akiba zikae katika idara ya dharura ya hospitali mnayopeleka wagonjwa wengi, ili mgonjwa abaki juu ya ile mliyomleta nayo na nyinyi mwondoke na nyingine. Dakika 20 kwa safari tisa ni saa tatu kwa siku, kwa kila gari. Saa saba na nusu zitashuka hadi nne na nusu, na wale wagonjwa 15 kati ya 100 watashuka hadi sita. Nimewahi kusimama kwenye lango la namna hiyo usiku wa mwisho wa mwezi, nikaona magari matatu yamepangana taa zikiwaka, madereva wameegemea milango, na ndani machela zao zote tatu zimepangwa kwenye ukumbi zikiwa na wagonjwa, mmoja wao akinyonyesha. Hakuna ratiba ya zamu inayoweza kutibu hali hiyo, kwa sababu kazi ile si ya kikosi tena, ni upungufu wa vitanda uliohamishiwa kwenye magari. Wewe umejilaumu kwa ugawaji mbaya wakati karibu nusu ya muda wa vijana wako unapotelea pale mlangoni. Nenda mwenyewe kwa muuguzi mkuu wa idara, umwendee kwa adabu na daftari mkononi, mkubaliane machela zitahifadhiwa wapi na nani atazitia saini.

Utaratibu wako wa gari lililokaa muda mrefu ndilo litumwe, uufute leo. Nakuelewa ulikotoka, ulitaka haki, lakini haki ile uliigawia wahudumu kutoka kwenye mfuko wa mgonjwa. Gari la karibu ndilo liende, siku zote, na hasa kwa asiyepumua vizuri, anayevuja damu, aliyepoteza fahamu na mwenye uchungu wa kuzaa. Ukitaka kusawazisha, wasawazishe watu kwa kuwahamisha vituo, na usawazishe kwa mwezi au kwa robo mwaka, wala usijaribu kusawazisha kwa siku, kwa sababu hakuna siku mbili zinazofanana. Wahudumu wazunguke vituo vyote kila baada ya miezi miwili. Madereva wazunguke polepole zaidi, labda kila miezi sita, maana dereva wa bara ana elimu isiyoandikwa popote: anajua korongo lipi halipitiki mvua ya masika ikinyesha, na nyumba ipi ya mzee wa mtaa ina taa ya kuelekeza gari usiku. Mwenye mtoto anayenyonya au mzazi mgonjwa nyumbani umsikilize kwanza kabla ya kumpeleka mbali. Hilo si upendeleo, mradi liandikwe na wote walione.

Swali lako la saa 12 lina jibu refu kidogo, kwa sababu wengi huhamia huko bila kuhesabu vikosi, kisha hujikuta na ratiba isiyojazika. Saa 24 kazini na 48 nyumbani ni wastani wa saa 56 kwa wiki, na inataka vikosi vitatu kwa kila gari. Mtindo wa mchana mbili, usiku mbili na mapumziko ya siku nne ni wastani wa saa 42 kwa wiki, lakini unataka vikosi vinne kwa kila gari. Ukiyahamisha magari yako yote mawili ya mjini kwenye mtindo huo utahitaji vikosi vinane ilhali unavyo sita, na hapo utaanza kuwapigia watu simu siku zao za mapumziko, yaani umerudi pale pale ulipotoka.

Niliyoyaona kwenye daftari lako ni kwamba kati ya safari 18 za mjini kwa siku, tatu tu kwa wastani huanguka kati ya saa 4 usiku na saa 4 asubuhi. Basi gari moja la mjini liendeshwe usiku na mchana kwa zamu za saa 12, vikosi vinne. La pili lifanye kazi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku tu, vikosi viwili vikipokezana siku nne kwa siku nne. Vinne na viwili ni sita, vile vile ulivyonavyo. Vituo vitatu vya nje vibaki na saa 24 kwa sasa, kwa sharti kwamba kikosi kilichorudi kutoka rufaa ya usiku kipewe nafasi ya kulala bila kusumbuliwa kwa kazi zisizo za dharura, na mahali pa kulalia pawe na kitanda, chandarua na choo. Mwongozo wa kupambana na uchovu katika huduma za dharura uliotolewa Marekani mwaka 2018 ulipendekeza zamu ziwe fupi kuliko saa 24 na wahudumu waruhusiwe kusinzia wakiwa zamuni. Hilo la pili halihitaji bajeti.

Mpango huu una gharama, na nisingependa uupeleke kwa mkurugenzi bila kuitaja. Usiku mji utakuwa na gari moja. Kwa simu tatu za usiku, na safari ikiwa imepungua hadi dakika 30 baada ya machela kupatikana, takriban mara moja katika kila usiku tatu mtu atapiga simu na kukuta gari limetoka, na itabidi la barabara kuu lije. Ndiyo maana machela zitangulie. Bila hizo ningekukataza kuligusa gari la usiku. Na vikosi vinavyotoka saa 4 usiku vifikishwe majumbani na gari la shirika. Msichana aliyevaa sare iliyochafuka damu hawezi kuachwa stendi akisubiri matatu saa hizo.

Umesema huna mtu wa akiba. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwa ratiba yenu ya sasa, likizo hiyo ni zamu kama nane kwa kila mtu. Wahudumu 15 mara nane ni zamu 120 kwa mwaka, yaani siku moja katika kila siku tatu kuna kiti kimoja cha mhudumu ambacho mwenye nacho yuko likizo halali, na upande wa madereva hesabu ni hiyo hiyo. Ugonjwa sijauhesabu, wala mafunzo, wala mazishi. Kama viti hivyo havibaki vitupu, basi kuna watu wanaovijaza kwa mapumziko yao, nawe unawajua kwa majina. Anayesema hataajiri amekwisha kuajiri tayari, ila anamlipa mtu yule yule mara mbili kwa mwili mmoja. Omba wahudumu wawili na madereva wawili wa akiba, wasiofungwa kwenye gari lolote. Ukipewa mmoja mmoja, pokea, na uendelee kuomba.

Sasa maparamediki wako. Saa 24 kazini na saa 24 nyumbani ni saa 84 kwa wiki. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za mikono na akili kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na kadiri anavyoendelea kukesha ndivyo anavyozidi kuwa vibaya. Saa 10 alfajiri, katika zamu iliyoanza asubuhi ya jana, rafiki yako alikuwa amekwisha kuupita mpaka huo kama hakupata usingizi. Kichupa cha atropini na cha adrenalini vyote ni vioo vidogo vinavyotosha kwenye kiganja, na taa ya gari ilikuwa imekwisha kuonekana haitoshi, ndiyo maana dereva alishika tochi. Usilifiche tukio hili. Liandikwe bila jina la kulaumiwa, vichupa hivyo viwili vitenganishwe kwenye mifuko ya rangi tofauti, taa ya ndani itengenezwe, na usomaji wa dereva yule ufanywe utaratibu wa kila gari: anayevuta dawa asome kwa sauti, mwenzake arudie, ndipo sindano iingie. Dereva huyo mshukuru mbele ya wenzake bila kusimulia kisa.

Watu wawili hawawezi kuushika mji saa 24 kila siku ya mwaka. Kiti kimoja kinachokaliwa usiku na mchana kina saa 8,760 kwa mwaka. Mtu anayefanya saa 48 kwa wiki, ukitoa likizo na siku chache za ugonjwa, anakupa kama saa 2,200, kwa hiyo kiti hicho kinataka watu wanne. Wewe unao wawili, na hadi sasa mmekuwa mkijifanya wanatosha. Waweke kwenye lile gari la saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku, mmoja katika kila kikosi. Watafanya saa 42 kwa wiki, nusu ya za sasa, na mtakuwa na uhakika wa paramediki katika saa ambazo simu zenu ni nyingi zaidi, zikiwemo za jioni ambapo malori na bodaboda hukutana barabarani. Gari hilo lisitumwe kuhamisha wagonjwa walio imara kutoka hospitali moja hadi nyingine. Kazi hiyo ni ya lile gari jingine la mjini, la usiku na mchana. Na mpokea simu asimtume paramediki kwa sababu tu mpigaji analia sana. Aulize kama mgonjwa anaongea, anapumuaje, damu inatoka wapi, tumbo lina miezi mingapi, ndipo aamue. Mhudumu wa daraja la msingi aliyefunzwa vizuri anaweza kumshughulikia mwenye mguu uliovunjika bila paramediki kusimama kando yake, na akinyimwa nafasi hiyo mwaka mzima atasahau hata alichofundishwa.

Saa 12 nyingine hazitakuwa na paramediki. Liandikwe hivyo, kwa barua, kwa mkurugenzi na kwa hospitali mnazozihudumia, pamoja na namba ya daktari wa zamu ambaye kikosi cha usiku kitampigia kupata maelekezo. Litakuwa jambo gumu kuliandika, na huenda ukaambiwa unalichafua jina la shirika. Lakini hali ilivyo sasa ni kwamba karatasi inasema kuna paramediki saa 10 alfajiri, na aliyepo ni mtu ambaye macho yake hayasomi tena. Wakati huo huo chagua wahudumu wawili, muanze kuwatafutia nafasi ya mafunzo ya juu, na makubaliano ya kurudi kazini yawekwe wazi kabla ya ada kulipwa. Wengine wataondoka kwenda Ghuba, kwa kuwa huko mshahara ni mkubwa na sisi hatuwezi kuushindania. Tunachoweza kushindania ni usingizi.

Kwa madereva wasiokusalimu, usiwaite ofisini. Bandika ukutani hesabu ya saa za vituo vyote vitano ya wiki ile uliyoniletea, pamoja na safari nzito za kila kituo mtakapoanza kuziandika, na uwaache waisome bila wewe kusimama pale. Halafu itisha kikao kimoja, mjini na bara pamoja, na mhudumu wa bara aeleze rufaa yake moja tangu mwanzo hadi mwisho, na wa mjini aeleze usiku wake mmoja. Wewe usiseme sana. Mwambie kila mtu kuhusu yule mama wa kwenye baraza, kwamba utaratibu ulikuwa wako na umeuondoa.

Huyo rafiki yako hahitaji umbebe kwa kumpa zamu nyepesi kwa siri. Wenzake watajua, na yeye ataona haya. Anahitaji siku nne mfululizo ambazo simu yake haitalia. Ratiba ya mwezi ujao uianze kwa kuandika mapumziko yake na ya mwenzake kwa kalamu ya wino, ndipo uzijaze zamu nyingine kwa penseli kuyazunguka.

Mama Mshauri